Usiombe Utalii, Omba Kalvati

Wasomaji wangu, habari za mwezi. Toleo lililopita niligusia tu kidogo vile kaunti zetu hapa Kenya hupanga pesa za maendeleo, vistari kama vinne hivi nikapita, kumbe nimechokoza mzinga. Barua zimejaa mezani na karibu zote ni za watu wa mashambani wenye jiwe, maporomoko, ziwa ama kilima nyuma ya nyumba, na wanauliza huu utalii wao utaingia lini kwa mipango ya kaunti. Nimechagua tano. Majina nimeyatoa, na wale walioniomba nifiche hata kaunti nimeficha.

SWALI: Mulembe mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana 22, tuko magharibi huku karibu na msitu, kaunti usitaje tafadhali manake tunaishi na hawa watu. Tuko na maporomoko, si makubwa sana lakini ni mazuri, na wageni wanajileta wenyewe kila Jumapili, sijui waliona wapi, labda ni hizi picha za simu. Wanafika wakiwa na matope mpaka magotini, wanapiga selfi, wanauliza choo kiko wapi, tunaangaliana, wanarudi. Tumeenda kikao cha maoni ya wananchi mara 3 na kila mara tunasimama tunasema tunataka utalii uwekwe kwa mpango. Wanaandika, watu wanapiga makofi. Sasa kitabu cha mpango kimetoka, tumekisoma chote kwa simu mpaka chaji ikaisha, tukapata mstari mmoja tu wa "kuimarisha vivutio vya utalii", hakuna jina la kijiji, hakuna pesa. Tulikosea wapi?
*Vijana wa Maporomoko*

JIBU: Mulembe vijana, na poleni na matope. Mlikosea kwa neno moja tu, na ni lile mliloenda kulisema.

Ukisema utalii kwa kikao karani anaandika utalii, na karatasi inaelekea idara ya utalii, na sasa niambieni nyinyi, hiyo idara kwa kaunti nyingi iko wapi? Imebanana ndani ya idara nyingine pamoja na biashara, utamaduni, michezo, wakati mwingine mpaka vyama vya ushirika, kama watoto sita kwa blanketi moja. Ile pesa kidogo inayobaki inafanya semina na shindano la urembo na imekwisha. Lakini hebu rudini kwa barua yenu muone wageni walilia nini. Matope. Choo. Hakuna mgeni amewahi kufika nyumbani akalalamika ati kivutio hakikuimarishwa. Matope ni ya idara ya barabara, choo ni cha idara ya afya ama ya maji kutegemea kaunti yenu imejipanga vipi, na hizo idara ndizo ziko na pesa.

Sheria iko upande wenu, msidhani mnaomba sadaka. Katiba ya 2010 kwenye Jedwali la Nne iligawa kazi, sera ya utalii ikabaki kwa serikali kuu lakini utalii wa mashinani ukapewa kaunti, uko kwa orodha ileile ya masoko na leseni za biashara, na kwa orodha hiyohiyo ya kaunti kuna barabara za kaunti, maji, na usafi. Halafu Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inasema pesa ya umma haiwezi kutengwa nje ya mpango uliopitishwa na bunge la kaunti. Soma hiyo tena polepole. Maana yake gavana akija kwenu akicheka vizuri namna gani, akiahidi daraja mbele ya kanisa lote, kama hilo daraja haliko kwa mpango, hiyo ni salamu tu.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Chukueni daftari, chagueni watu wanne, na mmoja awe mama mwenye kubeba mzigo manake vijana mnaruka mitaro bila hata kuiona. Anzeni stejini pale mgeni anashukia, mtembee mpaka kwa maji, mkiandika kila mahali mgeni angesimama akakuna kichwa. Hakuna kibao cha kuonyesha njia, andika. Kuna pahali mvua ikinyesha mto unapita juu ya barabara, andika, na upime hizo mita kwa kamba. Kuna magogo mawili yanaitwa daraja, andika. Hakuna pa kujikinga mvua, na kwetu magharibi mnajua mvua ikishaamua saa nane mchana imeamua. Hakuna choo. Hakuna maji ya kunawa. Mkimaliza mtapata vitu saba ama nane, na sasa kaa chini mgawe kila kimoja kwa mwenyewe: kalvati ya kupitisha maji chini ya barabara, na maramu, kwa idara ya barabara, choo kwa afya, bomba kwa maji, kibanda cha mama wa chai kwa biashara, na kwa idara ya utalii muwaachie kibao na mafunzo ya waongozaji, hiyo wanaweza.

Barabara uliza kwanza ni ya nani. Kuna za kaunti na kuna za KeRRA, mamlaka ya barabara za mashambani, ambayo ni ya serikali kuu, na mtu anaweza kusimama kwa vikao miaka kumi akiiomba kaunti barabara ambayo si yake, kila mtu ananyamaza tu kwa adabu.

Sasa ile siri yenyewe. Ile kalvati mnataka kwa ajili ya wageni wa Jumapili, Jumatatu mpaka Jumamosi inapitwa na nani? Inapitwa na trekta ya miwa, na maziwa, na watoto wa shule, na mama mjamzito kwa bodaboda usiku. Andikeni hao kwanza! Wageni muwaweke mstari wa mwisho. Nimeona bajeti zikikatwa na kila mara kisu kinaanzia kwa kile kimeandikwa utalii, manake mbele ya MCA, yule mwakilishi wa wadi, utalii ni kitu cha wazungu na starehe, lakini mtu akate kalvati ya njia ya zahanati arudi hapo kuomba kura, hawezi. Mkiwa na kalvati utalii utapita juu yake wenyewe, haulizwi kitambulisho.

Na maombi yenu yawe na anwani. "Tengenezeni barabara ya maporomoko" haifiki popote. "Kalvati moja kwa mto fulani, kati ya shule fulani na soko fulani, kijiji fulani, wadi fulani, mita kadhaa" hiyo mhandisi anaweza kuenda kuiangalia na kuiwekea bei, na kitu kisicho na bei hakiingii kwa bajeti. Wekeni pia hesabu ya wageni. Mtoto mmoja akae kwa njia Jumapili na daftari, aandike wangapi, wametoka wapi, wamekuja na nini, wamenunua nini, miezi mitatu. Na msidanganye. Mkipata 14 andikeni 14. Afisa wa mipango amechoka kuona maombi yenye "maelfu ya watalii", akiona 14, 9, 31, hizo namba za ajabuajabu, anajua hapa mtu alikaa kwa jua akahesabu.

Tarehe nazo. Hapa ndio watu wengi wanaangukia. Kuna mpango mkubwa wa miaka 5, ule wanauita CIDP, huu wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Huo ni kama orodha ya ndoto. Kila mwaka kunatolewa mpango mdogo wa mwaka, ADP, ambao lazima ufike bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na huo ndio unaamua ni ndoto gani zitapelekwa sokoni mwaka wa fedha unaofuata. Februari 28 ni mwisho wa ile karatasi ya mkakati wa fedha inayosema kila idara itapata kiasi gani, Aprili 30 makadirio ya bajeti yenyewe yanafika bunge, Julai 1 mwaka mpya wa pesa unaanza. Sasa nyinyi mlienda kikao lini? Kama ni Mei, kile kikao chenye hema na soda, hapo ugali ulishapakuliwa mnajadili chumvi. Pelekeni maandishi yenu Juni, Julai, wakati wanaandika ADP, kwa mkono, mkiwa na nakala ya pili ipigwe muhuri kuonyesha imepokelewa. Muhuri ni muhimu kuliko makofi.

Baadaye ombeni kuona mmeandikwa wapi. Kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, mkiandika barua kuuliza ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Iandikeni kwa heshima bila matusi, "tunaomba kujua ombi letu la tarehe fulani liko ukurasa gani". Mtashangaa vile watu huwa wapole wakiulizwa ukurasa.

Jambo moja la msitu, na hili msilipuuze. Mmesema mko karibu na msitu lakini hamjasema maporomoko yako ndani ama nje. Chukua mfano wa msitu wa Kakamega: upande wa kaskazini kule Buyangu ni hifadhi ya taifa na mwenyeji ni huduma ya wanyamapori, KWS, upande wa Isecheno ni wa huduma ya misitu, KFS. Ukivuka mti mmoja umebadilisha mwenye nyumba. Kaunti haiwezi kuja kujenga choo ndani ya msitu ati kwa sababu iko kwa mpango. Kama maporomoko yenu yako ndani, mlango wenu ni chama cha jamii cha msitu, CFA, kile kinachotambuliwa na sheria ya misitu ya 2016, hicho kinaweza kuingia mkataba na KFS wa kusimamia sehemu na utalii ukiwa ndani ya huo mkataba. Kaunti iwatengenezee njia mpaka mwisho wa mashamba, hapo ishike breki. Na huko Isecheno kuna kitu cha kuiga: vijana wa hapohapo walianza kazi ya kuelimisha watu na kuongoza wageni miaka ya 90, kabla hata ya hizi kaunti kuzaliwa, na leo ukienda kuangalia mbega ama yule ndege mkubwa wa buluu unaongozwa na mtu wa nyumbani anayejua mti gani dawa ya nini. Hao walianza na miguu na midomo yao. Hakuna aliyewajengea geti.

Nimesema geti nikakumbuka. Niliwahi kukaa karani kwa vikao vya wadi, miaka fulani, pahali fulani, na pesa ya utalii ikapatikana kwa bahati, kila mtu akashangaa. Wazee wakasema choo. Kontrakta akaja akajenga geti. Geti zuri la mawe limeandikwa karibuni, na pembeni hakuna ukuta, mgeni anaweza kuzunguka tu. Nilipopita tena mara ya mwisho mbuzi walikuwa wamelala chini yake wakikwepa jua, na mimi mwenyewe ndiye niliandika neno "kivutio" kwa zile dakika badala ya kuandika "choo cha milango minne". Ndio maana nimewaandikia kirefu hivi.

SWALI: Misawa mwalimu. Mimi ni mzee wa Seme, umri umeenda. Hapa kwetu kuna mawe makubwa, siyo Kit Mikayi, yetu ni madogo lakini watu huja kufunga na kuomba hapo tangu zamani. Vijana wetu wameona vile Kit Mikayi inapata wageni sasa wanataka kuzungushia seng'enge na kutoza kiingilio na wanasema mpango wa kaunti utawasaidia. Mimi naona hii ni kuuza mama yetu. Kwani kila kitu lazima kiwe utalii?
*Mzee asiyetaka seng'enge*

JIBU: Misawa jaduong'. Hapana, si kila kitu. Na afadhali hilo liandikwe kwa mpango, manake mpango unaweza pia kusema kitu kisiguswe, watu hawajui hivyo, wanadhani mpango ni wa kujenga tu.

Wewe mwenyewe umetaja Kit Mikayi, na wanaojua Dholuo wanajua jina linabeba hadithi ya mke wa kwanza, mikayi, na lile jiwe ambalo mzee alilipenda mpaka nyumbani wakasema ameenda kwa mikayi wake. Mgeni anatoka Kisumu kilomita kama 30 kwa barabara ya Bondo, na kitu kinachomfikisha pale ni hiyo hadithi pamoja na wale watu wanaoomba kwa mianya ya jiwe. Mkiwafukuza wenye kuomba mkabakisha seng'enge na mtu wa kukata tiketi, mgeni atakuja kuona nini? Mawe yako kila mahali Seme.

Angalia Thimlich Ohinga kule Migori. Zile kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala simiti zimesimama tangu karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO ikaziweka kwa orodha ya urithi wa dunia. Simiti haikuzishika, miiko imesaidia sana. Watu wa pale waliogopa kubomoa, mtu hakuokota tu jiwe akajengee jiko. Sasa hiyo hofu ni mali, jaduong', na vijana wakiimaliza kwa mwaka mmoja hawataipata tena kwa bajeti yoyote.

Lakini pia usiwafungie vijana mlango kabisa. Wana njaa. Kaa nao, wazee na akina mama wale wanaokuja kuomba wawepo, mwandike karatasi moja: siku gani ni za maombi na mgeni haingii, sehemu gani hapandi mtu, nani anasimulia hadithi manake si kila mmoja ameruhusiwa, na pesa ikiingia inaenda wapi. Kiingilio nacho kina sheria yake. Kama ardhi ni ya familia na wameketi wakakubaliana, hiyo ni yao. Kama ni ardhi ya umma, kaunti haiwezi kuamka tu ikatoza ada, lazima kuwe na sheria iliyopitishwa, Katiba kifungu cha 210 iko wazi, na kikundi cha vijana ndio kabisa. Hiyo karatasi yenu mkishaweka sahihi ipelekwe kwa wadi pamoja na maombi ya ADP, na nakala nyingine kwa watu wa makavazi ya taifa manake wao wana sheria ya urithi ya 2006 inayolinda mahali kama hapo. Vijana waulizeni kama wangekubali kuuza chakula nje, mbali kidogo na mawe, aliya (nyama ya kukaushwa) na mboga ya osuga na kuon, yaani ugali, moto. Mtu aliyefunga siku tatu akishuka pale ana njaa kuliko mtalii yeyote.

SWALI: Mwalimu habari, mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi upande wa Elementaita, tuna vyumba viwili vya ziada tangu wakubwa waende. Nimesikia watu wanafanya homstei, ile ya kulaza wageni nyumbani kwako. Nahitaji nini na kaunti inaingiaje? Na majirani wanauza ploti mbio sana kwa watu wa Nairobi, najiuliza kama nikingoja kidogo nitauza pia.
*Mama Elementaita*

JIBU: Mama, usiuze kwanza. Ama uza lakini si kwa kukimbia.

Leseni ya homstei inatoka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, iliyoundwa na Sheria ya Utalii ya 2011, na kibali cha biashara kinatoka kwa kaunti. Kabla ya hizo karatasi lala wewe mwenyewe kwa hicho chumba usiku mmoja. Nasema kweli. Lala na simu yako, uone taa ya kusomea iko ama hakuna, mlango unafungika kwa ndani, ukiamka saa tisa usiku unaenda choo kwa njia gani na mbwa wako wapi. Neti, maji ya moto hata ya kukanza kwa jiko, shuka mbili nyeupe. Chakula pika kile mnakula, usijaribu soseji. Mgeni wa mjini akitaka soseji angebaki mjini.

Kuhusu kaunti, wewe usiombe pesa, omba ramani. Elementaita pamoja na Nakuru na Bogoria ni urithi wa dunia tangu 2011 na wakubwa wa pale ni ndege, wale mwari weupe wanaotaga na heroe, kwa hivyo kila mtu akijenga ukuta mpaka kwa maji mnauza chumba chenye kuona ukuta. Kuna Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inayoruhusu mji mdogo ama eneo kupangiwa mahali pa kujenga na mahali pa kuacha wazi. Ulizeni kwa wadi kama eneo lenu liko na huo mpango, na kama hakuna, hilo ndilo ombi lenu la Julai, nyinyi wenye ploti mkiwa pamoja. Na kuna la maji kupanda. Watu wa Nakuru hatuhitaji kuambiwa, lile geti kuu la zamani la hifadhi ya ziwa liko majini, tuliona kwa macho yetu ziwa likitembea likala barabara na ofisi. Maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana huu muongo uliopita. Anayekuuzia "ploti inayobusu maji" muulize inabusu kutoka upande gani.

Vyumba viwili vinatosha kuanza. Wala usikope.

SWALI: Mimi niko Subukia nauza chai na maandazi. Siku za hija watu wanakuja kwa mabasi kwenye madhabahu ya Mama Maria. Hao ni watalii ama si watalii?
*Mama Chai*

JIBU: Ni watalii mama, tena wa maana kuliko wale wenye kofia za safari, manake wanakula kwako. Wanalala, wanasafiri, wananunua rozari, wanajaza chupa za maji ya kisima, na wanarudi mwaka ujao bila kuwekewa tangazo lolote. Shida ni kwamba hawaandikwi popote kama wageni wa kaunti kwa sababu hawakulipa geti. Kwa hivyo wewe na wenzako wa vibanda hesabuni mabasi. Halafu ombeni pahali pa kuegesha, vyoo vya kutosha siku ile, na kizimba cha soko chenye paa na maji, kwa idara ya biashara. Msiandike utalii, nimeshasema. Andikeni soko.

SWALI: Mwalimu, sisi wa Dunga hapa Ziwa Victoria na fuo za jirani tumeambiwa tungoje mpango mpya wa miaka mitano, ati huu umefungwa hauongezwi kitu. Ni kweli? Na tusipopata chochote tufanye nini na mashua zetu, gugu maji likija hatuvui na hatubebi wageni.
*Mvuvi na mbeba wageni*

JIBU: Nusu kweli. CIDP inaisha 2027, na hapohapo Agosti 2027 kuna uchaguzi, kwa hivyo mpango unaoanza 2028 utaandikwa na watu wapya ama walewale wenye ahadi mpya, na ni vizuri maombi yenu yawe tayari mapema, hata wagombea wapewe nakala wasome kabla ya kupanda jukwaa. Lakini ADP iko kila mwaka na kitu kidogo kinachoingia chini ya kichwa kilichoko tayari kwa CIDP hakihitaji kungoja. Kama CIDP inasema "kuboresha fuo za kutua samaki", basi gati, taa, choo na jaketi za kuokolea ziko ndani ya hicho kichwa, mgeni na samaki wanatumia gati moja. Fungueni kitabu mtafute hicho kichwa. Mkikataliwa hata hivyo, mtu yeyote ana haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti, kifungu cha 15 cha ile Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na karani wa bunge hawezi kulikunja akaliweka mfukoni.

Kuhusu gugu maji, Dunga mna bahati moja. Mafunjo. Ile njia ya mbao inayopita juu ya kinamasi, na wale ndege wanaoishi kwa mafunjo pekee kama yule gonoleki wa kifua chekundu, mtu anaweza kuwaona bila mashua kutoka. Siku ziwa limefungwa mgeni anatembea kwa miguu asubuhi mapema na mtu anayejua sauti za ndege, halafu anakula samaki aliyevuliwa jana. Wafundisheni vijana watano sauti, si lazima kumi na tano. Na maombi yenu ya mwaka huu yaandike mafunjo yasikatwe ovyo na yasijengwe juu yake, manake hayo yakiisha hata samaki wadogo hawana pa kujificha, na hapo hatutakuwa tunaongea juu ya wageni tena.

Jaketi za kuokolea msingoje kaunti. Changeni kwa chama, nunueni hata sita, wiki hii.